Mkono wako ndio utakaochagua kaliba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Fort Worth, Texas. Nina miaka 52, na nina kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ya kijani. Naishi peke yangu tangu watoto waondoke, ila mjukuu wa miaka sita huja kulala wikendi. Mwaka huu nyumba mbili za mtaani kwetu zimevunjwa usiku. Nimeamua kununua revolva ndogo, kwa sababu zile bastola za kuvuta sehemu ya juu zinanishinda: gumba langu la kulia lina baridi yabisi. Muuzaji dukani ananisukumia .357 Magnum nyepesi ajabu, uzito wake kama simu mbili. Mdogo wangu aliyeko Houston anasema .38 inatosha. Shemeji ananicheka, anasema nichukue .22 nisije nikajiumiza. Nichukue kaliba gani?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Chukua .38 Special katika revolva ya chuma kizima, isiyopungua gramu 550, na uijaze risasi laini za shabaha. Gumba likiikataa hiyo, shuka hadi .32. Ile .357 nyepesi iache palepale kwenye kabati la kioo. Kuhusu .22 ya shemeji, vumilia kidogo, maana hajapotea kama unavyodhani.

Muuzaji wako si mwongo. Kati ya risasi zinazoingia kwenye revolva ndogo za mfukoni, .357 Magnum kweli ni miongoni mwa zenye nguvu kubwa kabisa, na kule kuipata ndani ya gramu 330 ni kazi ya uhandisi ya kusifiwa. Lakini swali lako halikuwa ipi ina nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayekuuzia ataibeba hadi kwenye kaunta tu, wewe ndiye utakayeifyatua.

Majina ya risasi yanadanganya, basi tuyasafishe kwanza. Kaliba ni upana, na Wamarekani huupima kwa sehemu za inchi. Kwa hesabu hiyo .38 ingekuwa na upana wa sehemu 38 za inchi iliyogawanywa kwa mia. Sivyo. Risasi ya .38 Special ina upana wa inchi .357, yaani milimita tisa na ushei. Jina la .38 ni masalia ya zamani, wakati risasi ilikuwa na unene sawa na ganda lake. Baadaye risasi ikapunguzwa ili iingie ndani ya ganda, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Smith & Wesson waliitoa .38 Special mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1935 wakalichukua ganda lile lile, wakalirefusha kwa milimita tatu na nusu hivi ili lisiweze kuingia kwenye revolva dhaifu za zamani, wakaongeza nguvu ya baruti, wakaita .357 Magnum.

Kwa hiyo hizo mbili wanazokubishia muuzaji na mdogo wako zina upana mmoja. Unachoongezewa kwenye Magnum ni kasi, na kasi hiyo unailipia kwa teke. Kuna jambo lingine la manufaa hapo: revolva iliyoandikwa .357 inameza .38 bila shida, ila ya .38 haiwezi kumeza .357. Ukimkuta muuzaji na Ruger SP101 ya .357, yenye takriban gramu 740, au Smith & Wesson 640, yenye kama gramu 630, usizikimbie kwa sababu ya neno Magnum lililochorwa kwenye mtutu. Zinunue, uzijaze .38, na ile boksi ya Magnum usiinunue kabisa. Utakuwa na chuma kizito, risasi ya wastani, na mkono uliopona.

Sasa teke lenyewe, maana hapa ndipo palipo na mambo. Risasi inapokwenda mbele, bastola inarudi nyuma kwa msukumo ule ule. Kama bastola ni nzito, inarudi polepole. Kama ni nyepesi, inarudi kwa kasi, na kinachopokea ni ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Nimepiga hesabu kwenye karatasi. Risasi laini ya .38 katika revolva ya alumini ya gramu 415, kwa mfano Smith & Wesson 442 ambayo watu wengi huibeba mfukoni, inarudisha nishati ya kama joule tano. Magnum kamili katika ile ya gramu 330 inarudisha zaidi ya joule 25. Mara tano, dada, kwenye mpini mdogo usiotosha hata kidole cha mwisho. Ukiihamishia ile .38 laini kwenye chuma cha gramu 700, unashuka chini ya joule nne.

Niliwahi kumiliki moja ya hizo nyepesi. Niliinunua kwa sababu ile ile unayoelezwa wewe, kwamba utaisahau mfukoni. Siku ya kwanza uwanjani nilifyatua silinda moja, risasi tano. Ya tatu ilinichana ngozi chini ya gumba. Ya tano niliipiga macho yakiwa yamefumba, mimi niliyekuwa tayari nimefundisha watu kwa miaka. Boksi ile ya risasi hamsini ilikaa kabatini na risasi 45 hadi nilipomgawia mwenzangu mwenye mikono kama ya mpiga makasia. Bastola usiyoipenda hutaifanyia mazoezi, na baada ya miezi sita utakuwa na chuma ghali kwenye droo na mkono unaotetemeka kila ukikigusa.

Kutetemeka huko ndiko adui wa kweli wa shabaha. Mwili ukishaumizwa mara moja huanza kujihami kabla ya mlio: kiganja kinabana, kifundo kinainama, mtutu unashuka, risasi inakwenda chini na pembeni. Nimeona watu wazima wakikosa karatasi nzima kwa mita tano, na kila mmoja alilaumu bastola.

Bastola nyepesi sana ina ugonjwa mwingine ambao wauzaji huusahau. Kwa kila teke, risasi ambazo bado hazijafyatuliwa zinavutwa taratibu kutoka kwenye maganda yao. Moja ikitokeza kiasi cha kutosha mbele ya silinda, silinda haizunguki tena. Revolva husifiwa kwamba haigomi. Hii ni namna mojawapo ya kuigomesha.

Hata hiyo kasi ya Magnum unayoilipia, mtutu wa inchi mbili haukupi yote. Baruti yake ilipangiwa mtutu mrefu. Kwenye mfupi, sehemu ya baruti inawakia nje, mbele ya macho yako, mwali mkubwa wa rangi ya chungwa ndani ya korido yenye giza. Mlio nao ni balaa. Bastola zote tunazozizungumzia hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu sikio, lakini Magnum fupi ndani ya chumba ni jambo jingine kabisa. Wewe umefanya kazi wodini, unajua maana ya kuamka na masikio yanayopiga filimbi yasikome.

Risasi ya kujilinda inatakiwa kufanya nini hasa? Watu wengi wamefundishwa na sinema kwamba mtu akipigwa huruka kinyumenyume hadi ukutani. Hilo halipo. Kama risasi ingekuwa na msukumo wa kumrusha aliyepigwa, ingemrusha na mpigaji vilevile. Bastola hutoboa tundu jembamba, basi. Linalotofautisha ni tundu hilo limefika wapi na lina kina gani.

Marekani walijifunza hili kwa damu huko Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alikuwa amepigwa mapema kwa risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia karibu na moyo bila kuufikia. Aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo ambacho viwanda hukifuata hadi leo: risasi ipenye kwenye jeli maalumu, hata ikipitia nguo nzito, kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Na aliyemaliza mapambano yale, Edmundo Mireles, mkono wake mmoja ukiwa umevunjwa kwa risasi, alitumia revolva ya .357 iliyojazwa .38 Special. Huwa nawaambia hivyo wanaonijia na dharau kwamba .38 ni risasi ya bibi.

Kinachochanganya ni kuwa si kila .38 inafaa mtutu mfupi. Dukani watakuonyesha boksi zenye herufi JHP, risasi zenye shimo kichwani. Zimetengenezwa zichanue kama ua zikiingia mwilini ili zipanue tundu. Ili zichanue zinahitaji kasi, na mtutu wa inchi mbili hauna kasi ya kutosha. Nyingi zinajazwa nyuzi za nguo kwenye lile shimo na kupita kama risasi ya kawaida. Nyingine, hasa zile nyepesi za kupunguza teke, huchanua haraka mno na kusimama kabla ya sentimita 30. Zipo zilizobuniwa makusudi kwa mtutu mfupi, kama Speer Gold Dot ya greini 135, na ni nzuri, ila ni +P.

Hiyo +P maana yake presha ndani ya ganda ni kubwa kuliko kawaida. Revolva nyingi za sasa huibeba na huandikwa hivyo ubavuni mwa mtutu au kwenye kitabu chake. Kama haijaandikwa, usijaribu, hasa ukipewa revolva ya zamani ya urithi. Lakini kwa gumba lako nakwambia uipite +P, angalau mwaka wa kwanza.

Jaza wadikata. Ni risasi ya shabaha ya tangu enzi, ya madini ya risasi bila ganda la shaba juu yake, greini 148, kichwa chake bapa kabisa kama kizibo. Boksi zake huandikwa WC. Haitegemei kuchanua, kwa sababu ule uso bapa hukata tundu safi tangu unapogusa. Haina teke la kutisha. Na hata kwenye mtutu mfupi kwa kawaida hufika kina kile kinachotakiwa. Ubaya wake ni mmoja: kwa kuwa haina ncha, kuisukuma kwenye tundu za silinda kwa haraka ni kazi, kama kuingiza uzi butu kwenye sindano. Wengi wetu huweka wadikata tano ndani ya silinda, na zile za akiba huwa za kichwa cha mviringo. Kwa nyumba yako, ukweli ni kwamba akiba hiyo hutaihitaji.

Naomba unielewe hapa, maana ndugu wengi huchanganya: gr iliyoandikwa kwenye boksi si gramu. Ni greini, na greini 15 na nusu hivi ndizo zinazofanya gramu moja. Risasi ya greini 148 ina gramu tisa na nusu tu. Wewe uliyezoea dozi za dawa utaliona hili upesi kuliko mimi nilivyoliona.

Turudi kwa shemeji. Risasi ya .22 si mchezo. Huua, na mwenye kuidharau asimame mbele yake kwanza. Revolva ndogo ya .22 hubeba nane badala ya tano, teke lake halimwamshi paka, na risasi zake ndizo rahisi kuliko zote. Kwa mazoezi sina ninachokipenda zaidi. Tatizo lake liko kwenye fataki, kile kilipuzi kidogo kinachowasha baruti. Risasi za .38 zina fataki katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 imepakwa fataki ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka pande zote, na mara kwa mara sehemu ya ukingo hukosa. Unavuta kifyatulio, unasikia tak, basi. Kwenye revolva unavuta tena na inayofuata inakuja, kweli. Ila kuna jambo baya zaidi kwako: ili kuupiga ukingo huo sawasawa, watengenezaji huweka springi kali zaidi, na mara nyingi revolva ndogo ya .22 ina kifyatulio kigumu kuliko mwenzake wa .38. Shemeji anataka kukuokoa na teke, kumbe anakupeleka kwenye kifyatulio. Kama siku moja mkono ukichoka hata kwa .32, nitasema chukua .22 na nitakufundisha kwayo bila kinyongo.

Hiyo .32 ndiyo ambayo hakuna aliyekutajia, na ndiyo inayonifurahisha zaidi kuieleza. Ni ya kale. Mwaka 1896 polisi wa New York, Theodore Roosevelt akiwa kwenye bodi inayowaongoza, walipewa revolva za Colt za kaliba hiyo. Halafu ikaonekana ndogo, ikasahauliwa miongo mingi. Mwaka 1984 ikaongezwa nguvu ikaitwa .32 H&R Magnum, na miaka ya 2007 na 2008 ikaja .327 Federal Magnum. Mwaka 2024 Smith & Wesson, pamoja na msambazaji Lipsey's, walizindua tena revolva ndogo za .32 H&R Magnum zenye vilengeo vinavyoonekana na mpini wa maana, na tangu hapo watu wa fani yangu wanaizungumzia kama mjomba aliyerudi kutoka Uarabuni.

Faida zake ni mbili. Kwa kuwa ni nyembamba, silinda ile ile ndogo hubeba sita. Na teke lake ni dogo kwa namna ambayo mtu wa baridi yabisi huitambua kwa risasi ya kwanza. Tena inashuka ngazi: revolva ya .327 inakubali .32 H&R, inakubali na .32 S&W Long, ambayo ni laini mno. Ukikuta Ruger SP101 ya .327, usiangalie jina, angalia kwamba ni chuma kizito chenye risasi sita na ngazi tatu za teke. Kwa nini basi sikuanza nayo? Risasi zake ni adimu. Maduka mengi huwa na rafu nzima ya .38 na boksi mbili za .32 zilizopata vumbi, na bei yake huuma. Mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana hana muda wa kuwinda risasi mitandaoni. Lakini maumivu yakiamua, bei inakaa kando.

Za milimita 9 zipo pia katika revolva ndogo. Risasi zake kwa kawaida ni nafuu kuliko .38, ila hazina ukingo wa kushika silinda, hivyo hupachikwa kwenye vibati vyembamba vya duara, na kuzibanduabandua hapo kunataka vidole vyenye afya. Ipite. Na .44 Special ya Charter Arms ni ya kumchekesha mtu mwenye mikono ya seremala.

Sasa kabla ya kulipa. Viwanja vingi vya shabaha vya Texas hukodisha bastola, na Fort Worth havikosekani. Nenda siku ya mapumziko, usiende asubuhi umetoka zamu. Kwanza usifyatue kitu. Omba revolva ikiwa tupu, hakikisha wewe mwenyewe kwa macho kwamba matundu yote ni matupu, elekeza mtutu mahali salama walipokuonyesha, kisha vuta kifyatulio mara kumi mfululizo. Revolva ndogo hudai nguvu ya kama kilo tano kila mvuto. Ikiwa mvuto wa saba unakufanya utumie vidole viwili, basi kaliba haijawa tatizo lako bado. Tatizo ni kifyatulio, na fundi mzuri wa silaha anaweza kukilainisha kidogo, au ujaribu Ruger LCR ambayo wengi huisifu kwa mvuto laini. Hiyo ni nyepesi, karibu gramu 385 kwa ile ya .38, kwa hiyo utalipa upande wa teke. Ile ile LCR ikiwa ya .357 ina karibu gramu 485, na ukiijaza .38 unapata nafuu.

Jaribu pia kutoa maganda. Fungua silinda, geuza mtutu juu, sukuma ile fimbo kwa kiganja cha kushoto, usitumie gumba. Fimbo za revolva fupi ni fupi pia. Maganda marefu ya Magnum mara nyingi hayatoki yote. Ya .38 yanatoka vizuri zaidi.

Halafu weka karatasi yenye duara la ukubwa wa sahani ndogo ya chai, sentimita 15, kwa mita tano. Korido ya nyumba ya kawaida haizidi hapo. Fyatua tano za wadikata polepole. Pumzika. Fyatua tano nyingine bila kukawia, kadiri unavyoweza kuona kilengeo. Hizo za pili ndizo ninazotaka uniambie. Zote zikiwa ndani ya sahani, nenda na kaliba hiyo. Tatu zikiwa ndani na mbili nje, jaribu chuma kizito zaidi kabla ya kushuka kaliba. Zikitawanyika, omba .32. Usimruhusu mtu wa pale akupe Magnum moja ya kuonja. Wapo wanaopenda kuona wageni wakirushwa, na risasi hiyo moja itakuharibia majaribio yote ya siku.

Neno kuhusu nyumba. Kuta za ndani za nyumba zetu huku ni mbao na jasi. Kila kaliba niliyoitaja hupita ukuta huo na kuendelea, .22 pia. Kwa hiyo panga sasa, mchana, chumba anacholala mjukuu kiko upande gani wa korido. Mpango bora ni kumwingiza chumbani mwako, kufunga mlango, kupiga 911, na kubaki hapo. Revolva iwe ndani ya kisanduku cha chuma cha kufungua kwa tarakimu, kilichofungwa kwa skrubu. Sheria ya Texas inamwajibisha mwenye silaha akiiacha ikiwa na risasi mahali ambapo mtoto aliye chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na mtoto wa miaka sita hufungua droo zote za bibi yake.

Na kwa kuwa itakaa nyumbani muda mwingi, unaona sasa kwa nini ule wepesi haukufai? Unauziwa wepesi wa mtu anayebeba siku nzima kiunoni, ilhali hospitali nyingi hazitaki silaha ndani na hutaweza kuingia nayo kazini. Ukiibeba kwenye gari, sheria ya Texas tangu 2011 kwa ujumla humruhusu mfanyakazi kuacha silaha halali ndani ya gari lake lililofungwa kwenye maegesho ya mwajiri, lakini gari si sefu. Wezi wa magari wanajua magari ya zamu ya usiku. Fungia kwenye kisanduku chenye waya wa chuma au uiache nyumbani.

Kwa kadi yako unaruhusiwa kununua. Dukani utajaza fomu 4473 ya serikali kuu, inayouliza hali yako ya uhamiaji. Jibu kama ilivyo. Nawaambia hapo hapo wanaosoma wakiwa na viza za masomo au za kazi za muda: kwa ujumla sheria ya shirikisho inawakataza, isipokuwa kwa vighairi vichache, basi waone wakili kabla hata ya kushika bastola ya kukodi. Tangu Septemba 2021 Texas haidai leseni ya kubeba kwa mwenye miaka 21 na kuendelea asiyekatazwa na sheria, lakini ningekushauri ufanye darasa la leseni hata hivyo. Kwa asiye raia, kosa la silaha mahakamani linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Faini ya jirani yako mzaliwa wa hapa inaweza kuwa tiketi yako ya kurudi nyumbani. Ukienda kwenye harusi au mchango wa msiba wa jumuiya katika baa yenye bango jekundu la 51%, hiyo ni baa ambayo mapato yake mengi yanatokana na pombe, na silaha hairuhusiwi kuingia.

La mwisho ni dogo, nalo limeshawatoa jasho watu ninaowajua. Mkoba utakaoutumia kwenye uwanja wa shabaha usiwe ule utakaosafiri nao kwenda Mombasa au Dar. Risasi moja ya .38 huingia kwenye mshono wa mkoba na kukaa miezi bila kuonekana. Kuieleza mbele ya mashine ya ukaguzi ya Nairobi, ukiwa umebeba zawadi za harusi, utakosa ndege ya kuunganisha na pengine zaidi ya ndege. Nunua mkoba wa rangi ya ajabu usioupenda, uuweke gereji.

Jumamosi ukimaliza majaribio usilipe siku hiyo, hata kama muuzaji anakuambia punguzo linaisha saa kumi na mbili. Rudi nyumbani, pika, ulale. Jumapili ukiamka jaribu kufungua kifuniko cha chupa ya maji kwa mkono wa kulia, halafu niandikie kimefunguka vipi.